Umbizo la namba na tarehe katika lahajedwali (Bukavu)

Umbizo ni sura ambayo programu kama Excel au LibreOffice Calc huipa thamani iliyomo ndani ya seli. Sura hubadilika, thamani hubaki ileile. Kwa Excel, tarehe ni hesabu ya siku, na 1 Januari 1900 ndiyo siku ya 1. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, imehifadhiwa kama 22097. Seli ikirudishwa kwenye umbizo la kawaida, namba hiyo ndiyo itakayoonekana.

Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, hufuata desturi ya Kifaransa: mkato hutangulia desimali, nafasi hutenga maelfu, siku huja kabla ya mwezi. Hata mdomoni watu husema tarehe tano, mwezi ya ine. Kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani hufanya kinyume, na hapo ndipo hesabu za watu huharibika. Karani akiandika tarehe ya kulipa mkopo kuwa 05/04/2024 akikusudia 5 Aprili (45387), mashine huweka 4 Mei (45416): malipo yamesogezwa mbele siku 29 bila onyo lolote. Akiandika 13/04/2024, mashine haioni mwezi wa 13, hivyo huiacha kama maandishi, upande wa kushoto wa seli. Safu ambayo tarehe zake nyingine zimeegemea kushoto na nyingine kulia ikaguliwe yote, kwa sababu zile za kulia, zinazoonekana salama, ndizo huenda zimegeuzwa.

Kwa fedha hatari ni kubwa zaidi, maana sokoni Kadutu faranga za Kongo na dola hutumika bega kwa bega, na biashara ya kuvuka mto Ruzizi huleta faranga za Rwanda. Kiwango cha dola kikiandikwa 2,800 kwenye mipangilio ya Kifaransa, husomwa kuwa mbili na desimali nane. Kubadili alama ya faranga za Kongo, FC, kuwa $ nako hakubadilishi fedha: 280 000 hubaki 280 000, sasa zikisomeka kama dola. Ni afadhali kila sarafu iwe na safu yake, yenye CDF, USD au RWF kichwani, na kiwango cha siku kiwe na seli yake. Namba iliyonakiliwa ikabaki maandishi huachwa nje ya jumla, na jumla hutoka pungufu bila kuonyesha kosa.

Kwa faili zinazopita kati ya ofisi za nchi tofauti, mpangilio wa ISO 8601, uliotolewa mwaka 1988, huondoa utata: 2024-04-05. Alama ##### ikionekana mahali pa tarehe au namba, kwa kawaida humaanisha kwamba safu ni nyembamba, ipanuliwe.

Namba za simu si za kujumlishwa. Seli zake zipewe umbizo la maandishi kabla ya kuandika, la sivyo sifuri ya mwanzo ya 099 au 081 hupotea.