Kiseyeye cha Malindi na kinga iliyomo katika matunda ya Pwani

MABAHARIA wa Vasco da Gama walipotia nanga Malindi mwezi Januari 1499, wakirejea kutoka India, wengi walikuwa hoi. Walikuwa wamekaa baharini kwa takriban miezi mitatu. Fizi zao zilivimba hadi zikafunika meno, miguu ilifura, na watu wapatao 30 walifia njiani. Mkuu wa msafara alimtuma mtu mjini kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamezidiwa, wakafariki hapo hapo.

Maradhi hayo ni kiseyeye, na chanzo chake ni upungufu wa vitamini C. Mwaka 1498 mabaharia hao hao waliugua, wakapona walipofika Mombasa. Mwandishi wa safari hiyo aliisifu hewa ya mji, ilhali sultani alikuwa amewapelekea machungwa na ndimu. Mwaka 1747 tabibu James Lind wa Uingereza alithibitisha, kwa kuwajaribu mabaharia 12, kuwa matunda ya jamii hiyo huponya kiseyeye.

Vitamini C hufanya kazi nyingi mwilini. Husaidia kujenga protini inayoshikanisha fizi, ngozi na mishipa ya damu. Pia ni miongoni mwa viini viitwavyo antioksidanti, ambavyo huzima chembe haribifu zinazotokana na matumizi ya oksijeni mwilini, moshi wa sigara na miale ya jua. Tofauti na wanyama wengi, binadamu hawezi kujitengenezea vitamini hii. Sharti aipate katika chakula.

Wakazi wa Malindi na Kilifi hawana haja ya kuitafuta mbali. Mapera na mabibo ya mkorosho yana vitamini C nyingi kuliko machungwa ya uzito ule ule. Unga wa ubuyu nao una vitamini hiyo kwa wingi, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuuzwa katika masoko yake. Maembe, mapapai na mchicha huongeza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Hata hivyo, neema hiyo hupotea kwa urahisi. Vitamini C huharibiwa na moto na huyeyuka katika maji. Anayechemsha mchicha kwa muda mrefu, kisha akamwaga maji yake, humwaga pia sehemu ya kinga. Mabuyu yaliyopikwa kwa sukari na rangi, ambayo watoto huyapenda, si sawa na ubuyu mbichi. Ni afadhali unga wake ukorogwe katika maji baridi, au katika uji uliokwisha kupoa.

Wala vidonge si badala ya matunda. Nchini Finland, utafiti uliowahusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha mwaka 1994 kuwa waliopewa vidonge vya karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Katika tunda, kiini kimoja hufuatana na vingine vingi, kwa kiasi ambacho mwili umekizoea.

Matunda si tiba ya kila ugonjwa, na mgonjwa hapaswi kuacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Lakini mabibo yanapoachwa kuozea chini ya mikorosho, huku fedha zikitumika kununua soda, familia huwa imeitupa kinga iliyo mlangoni pake.