Kutoka muuzishaji mpaka shefu wa ekipe: miezi ya kwanza ya kazi Uvira

Uvira, kutoka Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi mpaka Kalundu kwenye bandari, kando ya barabara kumejaa kabine za watu wanaouzisha inite za simu na kutumia watu pesa. Kazi hii ilikua sana tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Kongo mwezi wa kumi na moja 2012. Airtel na Orange nazo ziko na huduma ya namna ile. Wenye kabine wengine wanajitegemea, wengine wako chini ya depo. Kwa hao wa depo kuko shefu wa ekipe: anagawa mtaji asubuhi, anazunguka mchana, anakusanya hesabu jioni. Mara nyingi ni muuzishaji aliyekuwa anapita wenzake, njo akapandishwa. Lakini kuuzisha vizuri na kuongoza wauzishaji ni kazi mbili.

Kinachobadilika

Jana alipimwa kwa mauzo yake. Leo anapimwa kwa mauzo ya watu sita ao kumi. Hapa njo shefu wengi wapya wanajikwaa: akiona mwenzake anashindwa na mteja, anaingilia na kumaliza yeye mwenyewe. Ile siku mauzo inapanda, lakini muuzishaji hakujifunza kitu, na kesho mteja atamuulizia shefu.

Wiki ya kwanza, heri asibadilishe kitu. Apitishe nusu siku na kila mutu kwenye kabine yake, aangalie wateja ni wa namna gani, saa ngapi wanakuja, na pesa inaisha saa ngapi. Waliokuwa marafiki zake azungumuze nao mmoja mmoja, mapema, awaambie wazi kwamba urafiki unabaki lakini hesabu ya jioni ni sawa kwa wote. Kama katika ekipe kuko mama ao mzee aliyeanza kazi mbele yake, amuombe shauri kwanza. Heshima ile haimupunguzii shefu kitu.

Hesabu ya jioni

Mwenye kabine ya kutuma pesa ana mtaji wa sehemu mbili: pesa ya mkononi na salio ndani ya simu. Tuseme asubuhi amepewa franga 500.000, yaani 200.000 mkononi na 300.000 kwenye simu. Mteja akitoa 50.000, mkononi inabaki 150.000 na kwenye simu inakuwa 350.000. Jumla ni ileile 500.000. Komisyo inahesabiwa pembeni. Shefu anayeshika kanuni hii moja anaona pengo jioni ileile, hangoji mwisho wa mwezi.

Dola nayo inaleta magomvi. Ikiwa muuzishaji alipokea dola 20 kwa 2.500 kila moja, na jioni depo inazihesabu kwa 2.400, kunakosekana franga 2.000 ingawa hakuna aliyeiba. Bei ya dola isemwe kila asubuhi na iandikwe. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengo likitokea, shefu asiite mtu mwizi mbele ya wateja. Wakae wawili, wapitie ujumbe wa simu mmoja mmoja. Mara mingi wanakuta namba iliyoandikwa vibaya ao pesa iliyotumwa mara mbili. Tena asilipe pengo kwa mfuko wake kwa kuogopa depo. Akifanya vile mara mbili, mara ya tatu deni limekuwa lake, na hakuna atakayejua lilianzia wapi.

Lengo na kalenda ya ziwa

Depo inapenda kupana lengo moja kwa kabine zote. Shefu ndiye anayejua kwamba Kalundu si Kavimvira. Wavuvi wa ndagala wanavua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki vizuri, mitumbwi inabaki inchi kavu, na pesa inapungua pande zile. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane ili samaki wazae. Kabine za karibu na mpaka, zenyewe zinategemea watu wanaovuka. Mvua nayo ina neno lake: watu wa Uvira hawajasahau mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Shefu mpya apeleke depo hesabu ya kila kabine kwa majuma mane, kisha aombe lengo linalofuata hali ya mahali.

Nafasi nzuri ni za nani?

Kabine iliyo mbele ya soko inazaa kuliko ile ya ndani ya kartiye. Shefu akiweka hapo ndugu yake, ao watu wa kabila lake tu, ekipe inavunjika hata kama mauzo ni mazuri. Dawa ni kupokezana: orodha ya zamu iandikwe, kila mtu aione, na shefu naye asiivunje.

Sheria ya kazi

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inaweka saa 45 kwa juma. Inahesabu komisyo kuwa sehemu ya mshahara, kwa hiyo si zawadi ya shefu. Muda wa majaribio lazima uandikwe. Haupite mwezi moja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wengine. Hii inamuhusu hata shefu mwenyewe.

Kwa hiyo mbele ya kukubali cheo, aulize depo mambo mane na ajibiwe kwa maandishi: mshahara wake mpya, komisyo yake inahesabiwa namna gani, pengo linabebwa na nani, na lengo lisipofikiwa nini inafuata. Depo isiyotaka kuandika jibu la swali la tatu, imeisha kulijibu.