Ufunguo Wazungushwa, Stata Kimya: Huenda Ni Swichi ya Klachi

Uko kwenye foleni ya feri Likoni na umezima injini kuokoa mafuta. Foleni inasogea, unazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka, lakini stata haisemi kitu. Walio nyuma wanapiga honi. Vijana wanalisukuma gari, linawaka, unavuka. Kesho yake unaambiwa ununue stata mpya.

Hayo yalimpata jirani yangu. Stata ikanunuliwa, ikafungwa, na gari likabaki vile vile. Kosa lilikuwa kijiplastiki cha kwenye pedali, kisichozidi kifungo cha kanzu. Ndugu msomaji, fuata hatua hizi kabla hujatoa pesa.

Swichi hii ni nini

Magari mengi ya gia za mkono yana swichi ndogo karibu na pedali ya klachi, chini ya dashibodi. Ukikanyaga klachi hadi mwisho, swichi inafunga njia ya umeme. Katika magari mengi, umeme hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya klachi, kisha relei, ndipo ukafika kwenye stata. Usipokanyaga klachi, njia imekatika na stata haizunguki. Lengo ni kuzuia gari lililo ndani ya gia lisiruke pale ufunguo unapozungushwa.

Sikiliza kwanza

Sauti hukuonyesha pa kuanzia. Tak-tak-tak ya haraka na taa kufifia ni dalili ya betri dhaifu au vichwa vya betri vyenye kutu. Mgoto mmoja mzito bila mzunguko huelekeza kwenye stata yenyewe au waya zake nene. Kimya kabisa, huku taa na honi zina nguvu, ndipo unaposhuku fyuzi, ufunguo, relei au swichi ya klachi. Kama taa ya ufunguo au ya kufuli inamweka kwenye dashibodi, huenda ni mfumo wa kuzuia wizi, nao ni kazi nyingine.

Jitayarishe

Egesha pahali tambarare. Weka fri, vuta breki ya mkono, tia jiwe kwenye gurudumu, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Pima betri kwa mita: injini ikiwa imezimwa, betri nzuri husoma takriban volti 12.4 hadi 12.7. Ikiwa chini sana ya hapo, ichaji kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Angalia fyuzi ya stata. Kisha badilisha relei ya stata na nyingine ya aina ile ile kutoka kwenye kisanduku hicho hicho. Gari likiwaka, kazi imekwisha.

2. Toa mkeka wa miguuni. Mkeka uliojikunja huzuia pedali kufika mwisho, na swichi haiguswi.

3. Mulika tochi juu ya pedali. Unaweza kuona swichi mbili. Ile inayoguswa pedali ikiwa juu mara nyingi ni ya kazi nyingine, kama vile kudhibiti mwendo. Unayoitaka huguswa pedali ikiwa chini. Tazama kijiplastiki au mpira unaoibonyeza. Ukikuta vipande vyake sakafuni na tundu tupu kwenye pedali, umepata kosa.

4. Bonyeza kichwa cha swichi kwa kidole huku mwenzako akizungusha ufunguo. Stata ikizunguka, swichi ni nzima. Rekebisha kijiplastiki au mkao wa swichi.

5. Bado kimya? Chomoa soketi ya swichi. Weka mita kwenye omu na upime miguu miwili ya swichi. Ikibonyezwa isome karibu na sufuri, ikiachiwa isionyeshe njia. Ikiwa haibadiliki, swichi imekufa.

6. Swichi ikiwa nzima, rudisha soketi na upime volti kwenye nyaya zake mbili, ufunguo ukiwa umeshikiliwa pa kuwasha na klachi imekanyagwa. Umeme ukifika pande zote mbili, tafuta mbele: relei, waya au stata. Usipofika hata upande mmoja, tafuta nyuma: ufunguo au fyuzi.

Hatua ya 6 ni ya magari ambayo swichi hupitisha umeme wa stata moja kwa moja. Baadhi ya magari, hasa mapya, swichi hupeleka habari kwa kompyuta au hukata upande wa athi. Hayo yanataka mchoro wa gari lenyewe. Tumia mita, si taa ya kupimia, kwa sababu taa yaweza kuiunguza kompyuta. Waya zenye ala ya manjano usiziguse, kwani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa.

Chumvi yetu ya Pwani

Huku kwetu hewa ya bahari na maji ya mvua yanayoingia chini ya zulia hula shaba. Ukiona ukijani kwenye soketi, isafishe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, ikauke, kisha tikisa nyaya huku ukipima. Gari linalowaka leo na kukataa kesho mara nyingi shida yake ni hapo.

Usikubali "dairekti"

Kuna mafundi watakaokata nyaya mbili za swichi, wakazifunga pamoja na kukuambia gari limepona. Litawaka kweli. Lakini siku mtoto atakapozungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia ya kwanza, litaruka mbele, na mbele yaweza kuwa ukuta, jirani au mtoto mwenziwe. Kuunganisha kwa muda mfupi ili kupima, gari likiwa fri na breki imevutwa, kunafaa. Kuacha hivyo ni kuchezea roho za watu.

Fundi akimaliza, mjaribu mbele yako. Gari likiwa fri, zungusha ufunguo bila kukanyaga klachi. Likikaa kimya, kisha likawaka ukikanyaga, kazi imefanywa sawasawa. Likiwaka bila klachi, muulize amefunga nini, na usilipe mpaka akifungue.