Mwanafunzi Anafanya Nini Mbele ya Mchoro?

Chukua programu ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza unaipa x thamani ya 5, wa pili unaipa y thamani ya x, wa tatu unaibadili x iwe 7. Je, y sasa ni ngapi? Si ajabu anayeanza akajibu 7, kwa sababu hesabu za shuleni zimemzoesha kuisoma alama ya = kuwa pande mbili zitabaki sawa daima. Kompyuta haisomi hivyo. Ilipofika mstari wa pili ilichukua thamani iliyokuwapo wakati huo, 5, na yanayoipata x baadaye hayaigusi y tena. Kosa hili halionekani kwenye maandishi ya programu, limejificha kichwani mwa msomaji, na ndiyo maana zikabuniwa zana zinazochora amri kwa amri yale yanayotendeka ndani ya kompyuta. Python Tutor, aliyoianzisha Philip Guo mwaka 2010, huweka kando ya programu visanduku vyenye thamani na mshale wa kuonyesha mstari unaofuata. Jeliot, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Joensuu nchini Finland, huifanya kazi hiyohiyo kwa lugha ya Java.

Matumaini ya mwanzo yalikuwa kwamba anayeona ataelewa. Mwaka 1981, Ronald Baecker wa Chuo Kikuu cha Toronto alitoa filamu ya kama nusu saa iliyoonyesha njia tisa za kupanga data zikifanya kazi, na kwa miaka mingi iliyofuata juhudi kubwa zilikwenda katika kuiboresha michoro. Kisha mwaka 2002 Hundhausen, Douglas na Stasko walipitia majaribio 24 yaliyokwisha kufanywa, wakaona kwamba uzito haupo sana katika kile mchoro unachoonyesha, upo zaidi katika kile mwanafunzi anachokifanya nao. Mwaka huohuo kundi lililoongozwa na Thomas Naps lilipendekeza ngazi sita: kutokuwa na mchoro kabisa, kutazama, kujibu maswali, kubadili data au programu, kuunda mchoro wako mwenyewe, na kuuwasilisha kwa wengine. Dhana yao nzito ilikuwa hii: kutazama peke yake hakumpi mwanafunzi faida kuliko kukosa mchoro. Ngazi zote hizo walizipa jina moja la Kiingereza, “engagement”, na hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapolazimika kuchagua.

Neno linalokuja haraka ni ushiriki. Limezoeleka, ni fupi, na kila mwalimu analijua. Lakini kwa matumizi yetu mtu huwa mshiriki kwa kuwapo tu: mshiriki wa semina ni aliyeandika jina kwenye orodha ya mahudhurio, hata kama hakufungua kinywa siku nzima. Neno linalomhesabu mtazamaji kuwa mshiriki linaufuta mpaka uleule ambao utafiti ulihangaika kuuchora. Wengine husema ushirikishwaji, neno tulilolizoea katika mikutano ya maendeleo. Hilo lina tatizo la kisarufi ambalo ni tatizo la maana pia. Kiambishi cha kutendwa kinamfanya mwanafunzi kuwa mtendwa, na mtendaji anabaki kuwa mwalimu au chombo. Zana ikicheza mchoro wake vizuri mbele ya darasa, tutasema wanafunzi wameshirikishwa, ilhali hakuna aliyetabiri thamani ya y.

Ninapendekeza kujishughulisha. Kirejeshi -ji- kinamweka mwanafunzi mahali pake: yeye ndiye anayetenda, na akili yake ndiyo inayotendewa. Atakayedai kwamba istilahi haiwezi kuwa kitenzi-jina akumbuke kwamba kujitegemea kulibeba siasa nzima ya elimu ya Tanzania tangu 1967, na hakuna aliyehitaji kukupachika kiambishi kingine ili kuwe nomino. Mzizi wenyewe si mgeni shuleni, kwani andalio la somo huwa na safu ya shughuli za mwanafunzi.

Pingamizi kubwa ninaloliona ni kwamba kujishughulisha kunaweza kuwa pilikapilika tupu. Anayebofya kitufe cha kusogeza mbele mara arobaini amejishughulisha, na huenda hajafikiri chochote. Pingamizi hili ni la kweli, na haliwezi kujibiwa na neno peke yake, kwa sababu hata istilahi ya Kiingereza ilielemewa na udhaifu huo. Sorva, Karavirta na Malmi, katika mapitio yao ya mwaka 2013, waliona haja ya kuuliza maswali mawili badala ya moja: mwanafunzi anafanya nini na mchoro, na programu inayochorwa ni ya nani? Kujibu swali kuhusu programu uliyopewa ni tofauti na kujibu swali kuhusu programu uliyoiandika mwenyewe. Kiswahili kinaweza kuyabeba yote mawili bila kuunda neno jipya: kujishughulisha kwa kujibu, kwa kubadili, kwa kuunda, juu ya kazi ya kupewa au juu ya kazi yake. Istilahi ikitumika bila nyongeza hiyo, kweli itakuwa dhaifu, na mhariri ana haki ya kuidai.

Wala ushiriki hautupwi. Asili yake ni kuwa na kitu kwa pamoja, na kuna hali inayolihitaji neno hilo hasa. Myller na wenzake, mwaka 2009, walizipanua ngazi za Naps ili zifae wanafunzi wanaofanya kazi pamoja mbele ya mchoro mmoja. Kwetu hali hiyo mara nyingi haitokani na uchaguzi wa mwalimu, inatokana na uhaba wa mashine: watatu kwenye kompyuta moja, mmoja ameshika kipanya. Tukiwa na maneno mawili tutaweza kusema kwamba wote watatu wanashiriki, ila mmoja tu anajishughulisha, na wawili wamebaki kwenye ngazi ya kutazama. Dawa yake haigharimu hata kompyuta moja zaidi. Kabla mshale haujafika mstari wa tatu, mwenye kipanya anaacha kubofya, kila mmoja anachora visanduku vya x na y kwenye daftari lake na kujaza thamani anazotabiri zitakuwapo baada ya mstari huo, kisha wanalinganisha majibu, na aliyeandika 7 kwenye kisanduku cha y anawaeleza wenzake kwa nini aliiandika.