Mhadhiri wa udaktari hupimwaje?
Mgonjwa wa Ngana, wilayani Kyela, hamjui mhadhiri aliyemfundisha daktari wake, lakini ubora wa mafunzo hayo humfikia kitandani. Kwa hiyo tathmini ya wahadhiri wa vyuo vya tiba, kikiwamo cha Muhimbili kilichoanza kama shule ya udaktari mwaka 1963, haipaswi kuishia kwenye dodoso la wanafunzi.

Mwaka 1959, Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza hatua 4 za kupima mafunzo: kuridhika kwa wanafunzi, walichojifunza, utendaji wao kazini na matokeo yake. Dodoso hupima hasa hatua ya kwanza. Mhadhiri mcheshi aweza kusifiwa, ilhali mwanafunzi wake hajui kumchunguza mtoto mwenye homa kali. Hivyo wahadhiri wenzake wamtazame akifundisha wodini, na wahitimu wafuatiliwe hospitalini.