Bibi Marjory, tope la mto na bakteria wanaokula haidrojeni

Tuliopitia sekondari tunalikumbuka jaribio la haidrojeni. Unakusanya gesi kwenye neli, unasogeza kijiti chenye moto, inalia "pwa!", darasa zima linacheka. Mwalimu anasema gesi hii haina rangi wala harufu, kengele inalia. Mimi kemia niliiaga siku hiyo hiyo. Aliyenirudisha ni mwanamke wa Kiingereza ambaye jina lake nililikuta nikitafuta habari nyingine kabisa.

Anaitwa Marjory Stephenson, mzaliwa wa Burwell, karibu na Cambridge, mwaka 1885. Alisoma chuo cha Newnham hapo Cambridge kuanzia 1903 hadi 1906, akafaulu, lakini digrii hakupewa. Kisa? Ni mwanamke. Usidhani natia chumvi, ndugu msomaji: Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948! Basi akaenda kufundisha sayansi kimu. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta, akatumikia Msalaba Mwekundu Ufaransa na Salonika. Mwaka 1919 akarudi Cambridge, kwenye maabara ya Frederick Gowland Hopkins, na huko akaamua kuwachunguza bakteria. Wakati ule bakteria walikuwa mali ya madaktari: swali lilikuwa wanaleta ugonjwa gani. Yeye aliuliza wanaishije.

Sasa njoo kwenye tope. Mto Ouse ulikuwa umechafuliwa na maji machafu ya kiwanda cha sukari ya viazisukari, ukawa unatoa mapovu ya gesi. Stephenson na mwenzake Leonard Stickland wakachukua bakteria kutoka humo. Mwaka 1931 wakaeleza walichokiona. Unaweka bakteria waliooshwa ndani ya chombo kisicho na hewa, unatia rangi ya buluu iitwayo methileni buluu, unaingiza haidrojeni. Rangi inapauka mpaka inatoweka. Maana yake haidrojeni imetoa elektroni zake na rangi imezipokea.

Ukiona hilo ni jambo dogo, fikiria hivi. Atomu mbili za haidrojeni zimekumbatiana kweli kweli; ili kuziachanisha, mkemia anahitaji joto kali au madini ghali kama platinamu. Hawa wadudu wa topeni walikuwa wakilifanya bila moto. Ndani yao mna kimeng'enya, na wale wawili wakakipa jina: haidrojenesi. Baadaye ikajulikana kwamba kinaipasua molekuli pande mbili zisizo sawa, upande mmoja ukiondoka na elektroni zote mbili, na kwamba kinaweza pia kurudi kinyumenyume na kutengeneza haidrojeni.

Lakini kina maadui. Wa kwanza ni oksijeni, hewa hii hii tunayovuta. Baadhi ya haidrojenesi zikiguswa nayo hulala usingizi mpaka ziamshwe. Nyingine huharibika moja kwa moja. Wa pili ni kaboni monoksaidi, yule muuaji wa kimya wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Kwetu huiteka nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwenye kimeng'enya huketi pale ambapo haidrojeni ingekaa.

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Mwaka 1995 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha umbo la haidrojenesi ya bakteria Desulfovibrio gigas. Katikati mna nikeli na chuma. Na kwenye kile chuma kumeng'ang'ania vitu gani? Vipimo vya mwanga wa infraredi vilitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia: kaboni monoksaidi moja na sianidi mbili. Yaani bakteria anajitengenezea sumu mwenyewe, anaifunga kwa kipimo mahali panapofaa, nayo inamsaidia chuma kufanya kazi. Sumu ile ile ikija kutoka nje, kazi inasimama. Nilisoma mara tatu kabla ya kuamini.

Usidhani haya ni ya topeni tu. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, naye anatumia haidrojeni inayozalishwa na bakteria wengine ndani ya matumbo yetu.

Bibi Marjory mwenyewe mwaka 1945 akawa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuchaguliwa Royal Society, jumuiya iliyoanzishwa 1660. Mwenzake alikuwa Kathleen Lonsdale. Alifariki Desemba 1948, mwaka ule ule wa digrii.

Wanaotaka magari ya haidrojeni yasiyotegemea platinamu wamekitamani kimeng'enya hiki kwa miaka mingi, na kila mara hewa ikawakwamisha. Halafu mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Monash, Australia, wakatangaza haidrojenesi ya Mycobacterium smegmatis inayofanya kazi hewani bila kusumbuliwa na oksijeni. Inaokota haidrojeni kwenye hewa ya kawaida, ambamo haifiki hata sehemu moja katika milioni.