Simu ya kamera ilipanda Kilema, picha zikaenda wapi?

Hebu fanya zoezi dogo. Ukienda nyumbani, kama kwenu ni Moshi au kule juu migombani, fungua albamu ya familia uanze kuhesabu. Picha za baba na mama wakiwa vijana utazikuta. Za ubatizo wa kaka mkubwa utazikuta. Sasa tafuta zilizopigwa kati ya 2004 na 2011. Mimi nimehesabu kwetu Kilema: za miaka ya themanini ziko 41, za miaka ya tisini ziko 67, za miaka hiyo niliyotaja ziko sita. Na kati ya hizo sita, mbili ni za pasipoti.

Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo miaka tuliyopigwa picha kuliko wakati wowote uliotangulia. Ninakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa mtoto na ndiye niliyekuwa nikiambiwa nisimame vizuri. Kwa hiyo picha zilikuwepo. Swali ni zimekwenda wapi.

Tuanze mbali kidogo. Mtu anayetajwa sana katika historia ya simu ya kamera ni Philippe Kahn. Tarehe 11 Juni 1997, huko Santa Cruz, California, aliunganisha kamera ya dijitali, kompyuta mpakato na simu yake ya mkononi, akawatumia ndugu na marafiki picha ya binti yake aliyekuwa ametoka kuzaliwa. Novemba 2000 kampuni ya Sharp ikauza Japani simu ya J-SH04, yenye kamera ya nukta 110,000. Mwaka 2002 Nokia wakaingiza sokoni 7650 na mwaka 2003 wakatangaza 6600, ile nene yenye tumbo, ambayo wengi wetu tuliiona mikononi mwa wajomba kabla ya kujua hata kusoma jina lake.

Sisi wenyewe tulikuwa wapi? Mobitel walianza mwaka 1994, na simu wakati huo ilikuwa mali ya wakubwa. Vodacom wakaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na ushindani ukaanza kushusha bei. Kupiga picha, hata hivyo, kulikuwa bado ni kazi ya mtu maalumu. Kila Jumapili nje ya kanisa alisimama mpiga picha na kamera yake ya Yashica shingoni. Unampa nusu ya pesa, anakupiga, halafu unasubiri. Mkanda una picha 36, na hausafishwi mpaka uishe. Ukiisha unateremka naye hadi mjini Moshi, unasafishwa, kisha picha zinapanda tena mlimani Jumapili inayofuata, au ile ya baada yake. Watu walivaa vizuri, wakasimama wima, na hawakucheka. Nani acheke wakati analipia?

Simu ya kamera ilivunja utaratibu huo wote, na kwetu ilikuwa na msimu wake: Desemba. Si unajua tena Wachagga na Krismasi. Mabasi wakati huo yalikuwa yanajaa Ubungo, Himo inakuwa na foleni, na kila kihamba kinapokea watu wake kutoka Dar, Mwanza, Arusha na Nairobi. Waliorudi walirudi na sukari, mchele, mashati mapya, na simu mpya. Ndiyo maana ninaamini historia ya simu ya kamera mlimani inafaa kuandikwa kwa Desemba kuliko kwa miaka. Desemba hii baba mdogo ana 6600. Desemba ijayo shangazi naye anayo, na baba mdogo amehamia N70. Desemba inayofuata kuna simu ya Mchina yenye antena ya televisheni na spika ya kuamsha kijiji.

Umeme haukuwepo katika nyumba nyingi. Simu ilipelekwa dukani barabarani, ikachajiwa kwa malipo kwenye betri ya gari pamoja na za majirani. Ikirudi imejaa, kazi ilianza. Tulipigwa tukila mtori. Tulipigwa na ng'ombe. Wazee walipigwa wakiwa na kata ya mbege mkononi, jambo ambalo mpiga picha wa Jumapili asingelifanya hata siku moja, kwa sababu angekuambia weka hiyo chini, kaa sawa. Kwa mara ya kwanza watu wa mlimani walipigwa picha jinsi walivyo siku ya kawaida, wakicheka na meno yao yote, na picha ikaonekana palepale. Bibi yangu alipoonyeshwa yake aliishika simu kwa mikono miwili na kuisogeza mbali na uso, kama anayesoma barua. Kisha akauliza lini italetwa.

Lile swali la bibi lilikuwa la msingi kuliko tulivyodhani sisi tuliokuwa tukimcheka. Kwake picha ni kitu kinacholetwa, kinashikwa, kinaingizwa kwenye fremu. Jibu la kweli lilikuwa: haitaletwa.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni hesabu. Kamera ya 6600 ilitoa picha ya nukta 640 kwa 480, yaani 307,200. Kioo cha simu yenyewe kilikuwa na nukta 176 kwa 208, kama 36,600 hivi. Kwa hiyo kwenye kioo picha ilipendeza mno, ilikuwa na nukta zaidi ya mara nane ya zilizohitajika. Lakini picha ya kawaida ya karatasi, sentimita 10 kwa 15, ukitaka itoke safi inahitaji nukta zaidi ya milioni mbili. Ile ya 6600 ingetoka safi ikiwa na sentimita tano na kidogo kwa nne. Ndiyo, imeizidi ya pasipoti kidogo tu. Ukiivuta iwe kubwa inakuwa vijumba vijumba, na fundi wa studio anakutazama kama umemletea utani.

Sababu ya pili ni njia. Kuihamisha picha ulihitaji infraredi, simu mbili zikilala uso kwa uso bila kutikisika, au Bluetooth, au waya ambao hakuna aliyekuwa nao. Basi picha zilihama kutoka simu hadi simu, kutoka kwa binamu hadi kwa binamu, na zikabaki humohumo kwenye simu.

Sababu ya tatu ni nafasi. Memori kadi iliyokuja na 6600 ilikuwa ya megabaiti 32. Wimbo mmoja wa Bongo Fleva ungeweza kula megabaiti tatu au nne. Ukitaka kuingiza wimbo mpya, kitu kitoke. Jamani, tuseme ukweli: ni picha ngapi za mabibi zilifutwa kupisha nyimbo?

Na sababu ya nne ndiyo iliyomaliza mchezo. Simu ikiibiwa stendi au kudumbukia kwenye mfereji, laini unapata mpya yenye namba yako ileile. Picha haina pa kuombewa upya. Hakukuwa na hifadhi ya mtandaoni kama tunayoitumia leo bila hata kuifikiria.

Sasa linganisha na mambo ya kale. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Walipiga picha za migomba, nyumba za nyasi, wanafunzi na akina mama. Picha zao nyingi zimehifadhiwa hadi leo, na unaweza kuziona kwenye intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute, ambaye pamoja na Eduard Oehler walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, alipiga picha za mlima kwa ajili ya kuchora ramani. Kwa msaada wa kazi yake hiyo, watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2002 waliweza kupima barafu iliyopotea: kutoka kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi 2.6 mwaka 2000, takriban asilimia 80. Mtu aliyesimama na kamera Kibo mwaka 1912 anatusaidia leo kujua kinachotupata.

Yaani tunaweza kumwona mtoto wa shule wa Machame wa zaidi ya miaka mia iliyopita, asiyejulikana jina, lakini bibi yangu wa mwaka 2006 hatumwoni. Halafu angalia tofauti nyingine. Zile picha za kale zilipigwa na wageni, walichagua wao nani asimame na avae nini. Zile za simu tulizipiga sisi wenyewe, jikoni kwetu, kwa macho yetu. Ndizo zilizopotea. Hilo ndilo linaloniuma.

Bibi alifariki mwaka 2008. Picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuwa ya mwaka 1988, imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya watu kumi na wawili, bega la mtu mwingine linaonekana pembeni. Sisi wajukuu tulimtazama mama yule mwenye nywele nyeusi na hatukumfahamu.

Mwaka jana shangazi alikuwa akipanga kabati lake akaikuta 6600 ndani ya soksi. Haikuwaka. Nikateremka nayo mjini, na kwenye kibanda cha fundi karibu na stendi nikanunua betri ya BL-5C. Betri hiyo ilitumika katika 6600, katika 6230, katika N70, hata katika ile 1100 ya tochi, na mpaka leo inauzwa kwa sababu simu ndogo na redio nyingi zinaitumia. Simu ikaomba laini, nikaweka. Ikauliza tarehe, kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mrefu. Ndani kulikuwa na picha 19. Nyingi ni za watu nisiowajua, mbili ni za giza tupu, moja ni ya keki.

Ya kumi na nne ni bibi. Amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa jiko, anamenya ndizi, ameinua uso na anacheka. Vijumba vijumba vinaonekana shavuni. Nikaihamishia kwenye simu yangu kwa Bluetooth, ikachukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Nikaichapisha ndogo, saizi yake ileile halali. Imeingia kwenye fremu pamoja na ile ya 1988, na sasa watoto wa dada yangu wanajua wamefanana na nani.

Nayaandika haya kwa sababu muda unakwenda. Memori za simu zinahifadhi picha kwa chaji ndogo sana ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu simu ikikaa miaka bila kuwashwa. Glasi ya mwaka 1912 ilisubiri, simu ya mwaka 2006 haitasubiri hivyo. Na kama una zile simu zilizozimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA walipozifungia simu bandia, usizitupe. Kilichofungwa ni mtandao. Picha, kama zilikuwemo, hazikuguswa.

Basi Desemba ikifika, pamoja na mchele na sukari, beba BL-5C mbili tatu. Uliza makabati, masanduku, makopo ya vifungo. Simu yako ikiwa ya Android itapokea kwa Bluetooth, iPhone haitapokea, kwa hiyo panga mapema. Memori kadi zilizobaki bila simu mpelekee fundi mwenye kisomeo. Ukizipata, zichapishe kwenye karatasi, hata zikiwa ndogo, na nyuma andika kwa kalamu jina la mtu na mwaka. Mwenye kujua majina hayo huenda ni mzee mmoja tu hapo nyumbani, muulize kabla hujarudi mjini.